Kijani Namba Tano

Pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Chupa, na jina lilimkaa vizuri, maana chumba cha chupa kilikuwa chake kama jiko linavyokuwa la mwenye nyumba. Chupa mia moja na ishirini za kioo zimejipanga kwenye rafu nne, nyuma yake taa ndefu nyeupe zisizozimwa usiku wala mchana. Ndani ya chupa kuna maji ya bahari yaliyochujwa na kuchemshwa, na ndani ya maji wanaishi vijimea, vidogo kiasi kwamba tone moja hubeba maelfu na usione hata kimoja. Unachokiona ni rangi tu. Maji yakianza kupata kijani, ujue wamo. Kijani kikikolea, ujue wamejaa.

Kazi ya vijimea hao ilikuwa moja: kuliwa. Chumba cha pili kulikuwa na matangi ya watoto wa chaza, wadogo kama vumbi la chaki, na hawajui kula kitu kingine chochote duniani. Mama Chupa ndiye aliyewalisha, asubuhi na jioni, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Zamani palikuwa na mashine. Unatia maji yako, inapitisha mwanga, inakuambia mwanga kiasi gani umetoka upande wa pili na kiasi gani umemezwa njiani. Ilipokufa haikuzikwa wala haikununuliwa nyingine. Mama Chupa akatengeneza kadi. Alipaka kwa mkono wake vipande sita vya kijani kwenye karatasi ngumu, kuanzia namba moja, maji yaliyosingiziwa kijani tu, mpaka namba sita, kijani kinachokaribia weusi. Akaitia kwenye nailoni. Kila asubuhi anaiweka kadi ubavuni mwa chupa, anakunja jicho, anasema, "Tano." Namba tano ndiyo ya kuvuna. Namba tano, lita tatu kila tangi, kwisha.

Halafu kila Jumamosi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujiamini kupita kiasi, aliihakiki kadi kwa hadubini. Anachukua tone la namba tano, analiweka kwenye kioo chenye miraba, anahesabu vijimea mraba kwa mraba. Namba tano humpa arobaini kwa mraba, au thelathini na nane, au arobaini na mbili. Miaka yote.

Jumamosi ile, ya kwanza baada ya miezi ya kuiruka hesabu hiyo kwa wingi wa kazi, alipata ishirini na moja.

Akacheka kidogo, kama mtu aliyevaa viatu kinyume. Akaosha kioo, akakikausha, akatikisa chupa vizuri, akachukua tone lingine. Ishirini. La tatu, ishirini na tatu. Akainua chupa mbele ya taa, akaweka kadi. Tano. Wala si tano ya kubembeleza. Ilikuwa tano iliyoshiba, yenye kuchungulia sita.

Hapo kijasho chembamba kikaanza kumtoka mgongoni, na chumba kile ni cha baridi.

Maana chupa inasema wamejaa, na hadubini inasema wamepungua nusu. Mmoja wao mwongo. Na wote wawili, chupa na hadubini, walikuwa wanapita mlango mmoja kufika kichwani mwake. Mlango wenyewe ni macho.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mama yake alianza kwenye umri huohuo. Hakuanza kwa kujikwaa wala kwa kusema "sioni". Alianza kwa kulalamika kwamba taa ya sebuleni imefifia. Wakabadilisha taa. Akasema bado. Wakacheka, wakasema mama amezidi kudeka. Mwaka wa tatu alikuwa anashika ukuta kwenda msalani.

Na hili ndilo lililomkausha mate Mama Chupa: yeye mwenyewe, wiki nyingi sasa, alikuwa anaona chumba chake kama kina giza. Alikuwa amefuta miwani, akafuta tena, akanyamaza. Hakumwambia mtu. Kuna mambo ukiyasema yanakuwa kweli.

Akafungua daftari la hesabu za Jumamosi. Kalamu ikakaa juu ya karatasi muda mrefu. Kisha akaandika: 39.

*

"Leo unatembea kama umebeba mayai," mama yake alisema, kabla binti yake hata hajavua viatu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, sinia la maharage mapajani, anachambua kwa vidole. Mawe madogo aliyatupa kwenye kikopo bila kukosea hata moja.

"Nimechoka tu, mama."

"Uchovu una hatua zake. Hizo sizo."

"Basi viatu vimenibana."

"Haya," mama akasema. "Viatu."

Mama Chupa akaingia chumbani, akafunga mlango. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akasoma kalenda ukutani. Akaisoma yote. Akafunika la kushoto, akaisoma yote. Akachukua boksi la sabuni, akasoma maandishi yale madogo ya ubavuni ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasoma toka sabuni ianze kuuzwa. Akayasoma. Mtu mwingine angepumua. Yeye roho haikushuka, kwa sababu hata mama yake kalenda alikuwa anaisoma, mwanzoni.

Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Alfajiri alifumbua macho na kubaki amelala chali, anasubiri kuona kama dari litakuja.

*

Jumatatu msimamizi alimsimamisha mlangoni. Alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, mpole, mwenye tabia ya kutania pale anapoogopa kugombana.

"Mama Chupa, wanangu wa tangi la tatu wamegoma kukua. Unawanyima nini?"

"Mimi? Namba tano, lita tatu. Kila siku."

"Na la nne vilevile. Wengine wanazama chini, hawaamki." Akajikuna shingo. "Nimeangalia daftari lako. Thelathini na tisa. Hesabu safi kabisa. Basi labda bahari imetuchoka."

"Labda," alisema Mama Chupa, akaingia chumbani kwake.

Alipobaki peke yake alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Watoto wa chaza wanakufa njaa kwa ajili ya namba aliyoiandika yeye. Angeweza kuamka sasa hivi na kwenda kusema. Lakini kusema "niliandika uongo" kunaleta "kwa nini?", na jibu la kwa nini ni "macho yangu", na mwanamke wa chupa asiye na macho ni nani? Ni mwanamke aliyekaa kwenye kiti karibu na mlango, sinia mapajani. Si kupoteza kazi alikokuogopa. Aliiogopa ile kazi ya kujifunza upya nyumba yake mwenyewe kwa vidole. Alikuwa ameshamtazama mtu akijifunza hivyo, na alikumbuka kila glasi iliyovunjika.

Akaamua kujipima kwa njia yake.

Alichukua chupa mama, ile ya mbegu, akaigawa katika chupa mbili. Maji yaleyale, mbolea ileile, kijiko kwa kijiko. Moja akairudisha kwenye rafu yake. Nyingine akaipeleka stoo, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, mahali jua linapoingia kutwa nzima, ili awe anaitazama kwenye mwanga wa Mungu ambao haudanganyi. Hesabu yake ilikuwa hivi: hawa ni pacha. Mama mmoja, chakula kimoja. Siku ya nne watakuwa na rangi moja. Nikiwaona wana rangi moja, macho yangu ni mazima. Nikiwaona tofauti, basi nimekwisha.

Siku ya kwanza walikuwa sawa. Siku ya pili walikuwa sawa, au alijilazimisha. Siku ya tatu hakuenda stoo kabisa. Alipita mbele ya mlango mara sita, mara zote ana haraka ya bandia. Mdogo wake, fundi cherehani, alimpigia simu siku hiyo kutaka wakaangalie vitambaa. Akamwambia hana nafasi. Vitambaa ni rangi, na rangi hakutaka kuulizwa.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, alileta chupa ya dirishani, akaiweka mezani kando ya pacha wake.

Ya rafuni ilikuwa namba tano, nzito, kijani cha kina. Ya dirishani ilikuwa imepauka kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Namba tatu. Kwa huruma sana, tatu na nusu.

Akashika meza. Alizitazama kwa jicho la kulia, kisha la kushoto, akazibadilisha nafasi, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, akafumba macho akahesabu mpaka kumi akafumbua. Hazikubadilika. Pacha wale walikataa kufanana.

"Ndiyo hivyo," alisema kwa sauti, peke yake. "Ndiyo hivyo basi."

"Ndiyo hivyo nini?"

Aliruka. Fundi umeme alikuwa amesimama ubavuni mwake, upande wa kushoto, begi la vifaa begani, na hakujua ameingia saa ngapi. Huyu alikuwa mzee mwenzake pale, wameanza kazi mwaka mmoja, na hawajawahi kusalimiana bila kuchokozana.

"Unanyatia watu kama mwizi wa kuku!"

"Ninyatie wapi, nimebisha hodi mara mbili. Nimekuja kuona pampu. Mbona umekuwa kama umeona jeneza lako?"

Mama Chupa alimtazama. Alijua kwamba swali analotaka kuuliza likishatoka halirudi. Likijibiwa vibaya, hata kujidanganya hataweza tena.

"Fundi," alisema, "hizo chupa mbili. Unazionaje?"

"Kwani ni mtihani?"

"We niambie tu. Zinafanana?"

Fundi aliinama, akaweka mikono kwenye magoti. Alichukua muda wake, mshenzi yule, kama anayechagua samaki.

"Zifanane wapi?" akasema. "Hii nyeusi, hii imechujuka. Hata kipofu angeona."

Mama Chupa alikaa chini. Pale pale sakafuni, kwenye maji. Fundi akashtuka, akamshika bega, "Vipi wewe? Vipi? Nimesema nini?" Naye alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilitoka kwa sauti ileile.

Alipopata pumzi aliinuka akaenda kwenye hadubini. Tone la dirishani kwanza. Alibonyeza kile kihesabio chake, tik, tik, tik, na hakikukoma mpaka arobaini na nne. Tone la rafuni: ishirini na mbili. Ile iliyopauka ndiyo iliyojaa. Ile nyeusi ndiyo iliyo tupu.

"Fundi, taa zangu ulibadilisha lini?"

"Zipi?"

"Hizi! Nina zingine?"

"Zinawaka," fundi akasema, na akawa na uso wa mtu aliyekutwa. "Taa inawaka, nibadilishe ya nini?"

"Kila mwaka, ndivyo tulivyokubaliana. Kila mwaka, ziwake zisiwake."

"Basi imepita... miwili. Na kidogo."

"Na kidogo!"

Alimtuma stoo. Fundi alirudi na taa mpya nne, akazifunga kwenye rafu ya juu, akawasha. Wote wawili wakarudi nyuma hatua moja. Rafu ya juu ilikuwa mchana. Tatu zilizobaki, chini yake, zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Taa zile zilikuwa zimezeeka kidogo kidogo, siku kwa siku, bila kuzimika, mpaka chumba kikawa giza kweli na hakuna aliyeona isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja akajishuku yeye mwenyewe.

Sasa akaelewa na lile jingine. Vijimea wale wanaishi kwa mwanga. Mwanga ukiwa wa kumwaga, kila kimoja hubeba kijani kidogo tu, kinakitosha. Mwanga ukiwa haba, kila kimoja hujipakia kijani tele ili kisikose hata chembe ya nuru inayopita. Wachache, lakini kila mmoja mweusi kama wawili. Maji yanakolea na chungu ni kitupu. Kadi yake aliipaka enzi taa zikiwa mpya. Ilikuwa kadi ya mwanga ule, na mwanga ule ulikuwa umekwisha. Miaka kumi na tisa alikuwa akiamini kwamba anasoma idadi yao, kumbe alikuwa anasoma hali yao.

Siku hiyohiyo alibeba daftari mpaka kwa msimamizi, akalifungua mbele yake.

"Hii thelathini na tisa ni uongo. Ilikuwa ishirini na moja."

Msimamizi alisoma. Safari hii hakutania.

"Kwa nini, mama?"

"Nilidhani naanza kupofuka."

Kijana akamsukumia kalamu. "Futa mwenyewe," akasema kwa upole. "Na uandike ya kweli juu yake. Halafu tuwalishe hawa watoto, lita sita, kabla hawajaisha wote."

*

Jioni alimsimulia mama yake yote, kwa vituko, akamwigiza na fundi mpaka uso wake wa kukutwa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Alikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alipomaliza akangoja mama acheke.

Vidole vya mama vilikuwa vimesimama juu ya sinia.

"Wiki nzima," mama akasema.

"Nini?"

"Wiki nzima umedhani unapofuka. Wewe, binti yangu, uliyenishika mkono miaka ishirini na moja. Na hukwenda kwa daktari."

Mama Chupa akaishusha kanga.

"Ulipima chupa," mama akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Ulikuwa unasubiri nini? Mimi najua nilikuwa nasubiri nini. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie ni taa."

Wepesi wote ukamtoka. Kwa sababu alijua, papo hapo, kwamba chupa zimemwambia habari za taa na habari za vijimea, lakini habari za macho yake hazijamwambia chochote. Fundi alisema chupa ni tofauti na yeye aliona ni tofauti. Basi. Hicho tu ndicho alichokuwa nacho. Na akakumbuka kwamba fundi alibisha hodi mara mbili, akaingia, akasimama upande wake wa kushoto na begi kubwa begani, na yeye hakumwona.

*

Hospitali walimtia matone yaliyowasha, mboni zikamtanuka mpaka taa za korido zikawa na miiba. Walimpulizia jicho hewa. Kisha wakamkalisha mbele ya bakuli jeupe, kidevu kwenye kishikio, kitufe mkononi.

"Tazama katikati tu," alisema daktari wa macho, mwanamke mwenye sauti kavu. "Vitatokea vitaa vidogo, pembeni, huku na huku. Ukikiona, bonyeza. Usivitafute."

Alibonyeza. Akabonyeza tena. Kisha kukawa na kimya. Kimya kikaendelea, na ndani ya kimya kile alisikia mashine ikinong'ona, tk, tk, tk, inawasha taa mahali fulani ambapo yeye haoni kitu. Kitufe kililowa jasho. Alitamani kubonyeza kwa kubahatisha, kama alivyoandika thelathini na tisa. Hakubonyeza.

Daktari alitoa karatasi, akaigeuza kwake. Mviringo mweupe, na ukingoni, upande wa kushoto, doa jeusi kama alama ya kikombe.

"Presha ya macho," akasema. "Jicho la kushoto. Ugonjwa huu haugusi rangi wala kusoma, mwanzoni. Unakula pembeni, taratibu, na ubongo unakuzibia pengo usijue. Ungekuja baada ya miaka miwili ningekuwa na maneno mengine. Kilichokwenda hakirudi, mama, nisikudanganye. Kilichobaki tunaweza kukilinda. Matone, kila siku, bila kukosa hata moja, mpaka siku unayokufa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na macho ya mama yako?"

"Haoni kabisa."

Daktari akaacha kuandika. "Una ndugu wa tumbo moja?"

Koridoni hakuweza kuona namba kwenye simu; zote zilikuwa ukungu. Alimwomba mwanamke aliyekaa kando yake, naye akamtafutia jina, akampigia, akamwekea simu sikioni kama mtoto.

"Dada! Leo ndiyo umenikumbuka?" Nyuma ya sauti ya mdogo wake cherehani ilikuwa inakimbia. "Vitambaa vimekwisha, nakuambia. Vile vizuri vyote vimekwenda."

"Niko hospitali ya macho. Kesho asubuhi nakupitia, tunakuja wote."

"Una nini?"

"Alichonacho mama. Cha kwangu kimeanza juzi tu, kinazuilika. Wewe inabidi upimwe."

"Mimi?" Mdogo wake alicheka, na cherehani haikupunguza mwendo. "Dada, mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani, mara moja tu. Wateja wanakuja kunitazama. Mimi naona vizuri mno."

"Hata mimi naona vizuri."

"Sasa unaona vizuri, wamekwambia unaumwa nini?"

"Nisikilize. Umekaa unashona. Umetazama mbele, kwenye sindano. Usigeuze kichwa. Mkono wako wa kushoto, niambie, pale mezani pembeni kuna nini?"

"Kuna mkasi."

"Unauona, au unajua upo?"

Alisikia cherehani ikiendelea kidogo, kisha ikipunguza, mishono ikihesabika mmoja mmoja. Mama Chupa alishika simu kwa mikono miwili, macho yake mapana yakimwagika machozi ya matone na ya mengine, akangoja.

Cherehani ikanyamaza.